Nilivyomtumikia Meneja, Gari la Babu

Niliajiriwa Jumamosi moja asubuhi, nikiwa kidato cha pili, bila kuomba kazi, bila usaili na bila chai. Babu alinikuta barazani nachezea simu, akaniambia, "Simama, mume mwenzangu. Njoo unishikie taa." Nikaishika. Nimekuja kuiweka chini mwaka huu, nikiwa kidato cha nne, na mgongo wa mtu wa makamo.

Naandika haya kwa faida ya vijana wanaoinukia, hasa hawa wa kidato cha kwanza wanaodhani gari ni kitu cha kuingia, kuwasha muziki na kuondoka. Zamani haikuwa hivyo. Nikisema zamani nina maana ya kabla ya likizo iliyopita.

Kwanza niwajulishe gari lenyewe. Ni la Kiingereza, la kifahari, refu, la rangi ya damu ya mzee, na limezaliwa kabla ya baba yangu. Mbele lina taa za duara zinazokutazama kama mwalimu wa zamu aliyesikia kelele. Viti vyake ni vya ngozi. Dashibodi yake si ya plastiki kama za magari ya leo. Ni ya mti wa kweli uliopigwa vanishi mpaka unajiona pua. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na meneja wa shamba hilo alipohama nchi, gari likabaki kwa Babu. Mtaa mzima ukalipa cheo cha mwenyewe wa kwanza. Likaitwa Meneja. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Bagamoyo anasema, "Leo Meneja kagoma pale sokoni," ujue hakuna ofisi iliyofungwa.

Na hilo la mume mwenza lisikutishe. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, kwa hiyo Babu amenihesabu kuwa mshindani wake tangu siku niliyozaliwa. Asubuhi nikimwambia, "Shikamoo, Babu," hujibu, "Marahaba, mwizi wa mke."

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Idara ya Maji. Injini ya gari hupozwa na maji yanayozunguka ndani yake na kurudi kwenye rejeta, lile sanduku la mbele lenye mapezi kama ya samaki. Rejeta ya Meneja ilikuwa imeshazibwa mara nyingi kuliko jino la mzee, na kazi yangu ilikuwa kujaza madumu, kuyapanga kwenye buti, na kutazama kimshale cha joto safari nzima. Bosi wangu pale alikuwa Mhandisi Mkuu. Jina lake kamili ni Fundi Chande, mwenye karakana ya bati karibu na stendi, mtu mfupi anayezungumza na magari kwa upole na kuzungumza na watu kama anafukuza mbuzi. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado inatokota. Alinipiga kofi la vidoleni.

"Wewe una nyusi?"

"Ninazo, Fundi."

"Unazipenda?"

"Nazipenda."

"Basi ngoja ipoe."

Hayo ndiyo mafunzo kazini. Siku hizi vijana wanataka video.

Chini ya idara hiyo hiyo kulikuwa na kitengo cha chumvi. Hewa ya huku kwetu ina chumvi, na chumvi inakipenda chuma cha Kiingereza kama mimi ninavyoipenda chapati. Kila tulipotoka upande wa pwani nililazimika kulala chali chini ya Meneja na kumwosha tumbo kwa maji baridi, huku wenzangu wakipita kwenda kucheza mpira na kuniuliza kama nimegongwa.

Baadaye nikahamishiwa Idara ya Hewa. Meneja alikuwa na kabureta mbili. Kabureta ni kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijavimeza, na zikiwa mbili ni lazima zivute pumzi sawa, la sivyo injini inatetemeka kama mtu aliyepanda jukwaani bila kukariri. Siku hizi kuna vipimo. Fundi Chande alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Ncha moja nikaiweka sikioni, nyingine akaisogeza kwenye mdomo wa kabureta.

"Unasikia nini?"

"Nyoka."

"Na huku?"

"Nyoka. Lakini huyu ana hasira zaidi."

"Mpunguze hasira," akasema, na kunipa bisibisi. Nikazungusha skrubu kidogo, nikasikiliza, nikazungusha tena, mpaka nyoka wote wawili wakawa na tabia moja. Meneja akatulia, akaunguruma kama paka aliyeshiba. Babu alikuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi. Jioni alinikatia kipande cha nyama kutoka sahani yake. Kwa waliofanya kazi chini ya Babu, hicho ni cheti.

Kituo changu cha mwisho, na kigumu kuliko vyote, kilikuwa Idara ya Umeme, ambayo kwa gari la namna ile ni idara ya pua. Waya za Meneja hazikuvikwa plastiki. Zilivikwa kitambaa, na kitambaa kikizeeka huchanika, waya ukabaki uchi nyuma ya dashibodi pasipoonekana. Gari la leo likiumwa linawasha kitaa chekundu. Meneja alikuwa hawashi kitu. Alikuwa ananuka. Fundi alinifundisha kama wanavyofundisha silabi. Harufu ya petroli mbichi, kabureta imefurika. Harufu tamu kama ya sharubati iliyoungua, maji ya rejeta yanavuja kwenye chuma cha moto. Harufu ya yai viza, betri inachajiwa kupita kiasi. Na waya ukianza kuungua, unanuka samaki.

"Fundi, tuko Bagamoyo," nikamwambia. "Kila kitu kinanuka samaki."

"Ndiyo maana nataka mtu mwenye pua," akajibu.

Sheria yake ilikuwa kwamba hakuna kuondoka kabla ya kunusa. Unafungua milango yote, unangoja hewa ipite, unaingiza kichwa, unanusa chini ya usukani, unanusa kwenye boneti, unanusa buti. Wanafunzi wenzangu walioniona wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili atasoma.

Sasa nimfikie bosi wa juu kabisa, ambaye hata Fundi Chande alikuwa anavua kofia mbele yake. Bibi yangu, Bi Zuhura, alikuwa Mkurugenzi wa Harufu Njema. Kama kina mama wengi wa mji mkongwe, Bibi hufukiza udi kwenye kila kinachoingia ndani: nguo, mashuka, nywele, mitungi ya maji. Na kwa kuwa Meneja alikuwa anampeleka Babu msikitini kila Ijumaa, Bibi aliona gari nalo ni vazi. Alikuwa anaweka chetezo chenye makaa sakafuni, anatupia vipande vya udi, anafunga vioo, anaondoka. Akimaliza hapo ananiita niupake ule mti wa dashibodi mafuta ya nazi mpaka ung'ae. Miaka na miaka ya moshi na mafuta ikaingia ndani ya mti ule mpaka ukawa kama kitafunwa.

Fundi Chande hakupendezwa. Siku moja alimkabili, kwa adabu zote.

"Bi Zuhura, gari hili linasema nami kwa harufu. Ukilifukiza unaliziba mdomo."

"Mwanangu Chande," Bibi akamjibu, "nikishuka shughulini nanuka petroli, wenzangu watadhani nimetoka kuuza mafuta ya taa. Na mimi nina midomo ya watu ya kuziba."

Wakakubaliana: mimi nanusa kwanza, kisha Bibi anafukiza. Nikawa mjumbe wa pande zote mbili, na mkataba ule ulidumu vizuri mpaka safari ya Saadani.

Ili muielewe safari ile lazima nimtaje Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, anayeishi Dar. Baba Mkubwa anampenda Babu, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa anamchukia Meneja. Meneja alikuwa ameshagoma barabara ya Bunju kwenye jua kali mpaka Babu akaishiwa nguvu, akanyweshwa maji na watu asiowajua. Baba Mkubwa akaja mpaka Bagamoyo, akakaa kwenye mkeka, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba, sitakuvunjia heshima. Endesha. Lakini likisimama njiani mara moja tu, likusimamie popote, nakuja na gari la kuvuta. Yule mwenye hoteli bado analitaka."

Mwenye hoteli alikuwa na mpango. Alitaka kumweka Meneja bustanini, amkate paa, amjaze udongo na kumpanda maua, wageni wapige picha. Babu alikwenda kuiona hiyo bustani. Kulikuwa na mtumbwi umejazwa maua na jiko la zamani limejazwa maua. Aliporudi hakula.

Na hapo ndipo Bibi Mdogo Mwajuma, mdogo wake Bibi anayekaa kijijini Saadani, alipopata nafuu baada ya kuugua muda mrefu. Akapiga simu kwamba anataka kumwona dada yake. Watu wote wakasema Bibi apande gari la mtu mwingine. Babu akasema alimwahidi mkewe kumpeleka mwenyewe, na atampeleka mwenyewe. Kisha akaniita kando.

"Mume mwenzangu, mitihani yako inakaribia."

"Inakaribia, Babu."

"Tupeleke Saadani na turudi bila kusimama njiani, halafu umestaafu. Sitakuita tena."

Nilimkagua Meneja kama daktari anayemkagua bosi wake. Maji sawa, mafuta sawa, nyoka wawili wana amani. Jumamosi asubuhi nilifungua milango, nikaingiza kichwa, nikanusa. Palikuwa na harufu ya udi, basi, kama siku zote. Nikafunga milango. Bibi akakaa mbele na buibui lake jipya, Babu akavaa kofia ya safari, mimi nikakaa nyuma na miguu juu ya madumu.

Meneja aliondoka vizuri. Nasema hivi kwa haki, maana sitaki kumsengenya. Tulitoka mjini, tukaingia barabara ya Makurunge, upepo ukipita dirishani, kimshale cha joto kimelala. Babu alikuwa anaendesha kwa vidole viwili kama kijana. Tulipofika kwenye mashamba ya miwa alivuta pumzi ndefu na kutabasamu.

"Leo udi umetulia," akasema.

"Umetulia kweli," Bibi akamwitikia. "Si ule wa kukwaruza koo."

Nami kutoka nyuma nikachangia. "Wa leo ni wa harusi kabisa, mke wangu."

Bibi aligeuka akanitazama kwa jicho laini. "Mwenye mkono wake anajijua," akasema. Nikadhani anajisifu. Nikacheka.

Tukaendelea. Miwa ikaisha, vichaka vikaanza, na lami ikawa vumbi. Harufu haikupungua. Mtu aliyelelewa na Bibi anajua tabia ya udi: unapanda, unakaa, unaanza kuondoka, unabaki nguoni tu. Huu ulikuwa unaongezeka. Macho yakaanza kuniwasha. Nikateremsha kioo changu mpaka mwisho.

"Bibi, udi huu umeununua wapi?"

"Nimeununua mimi? Si umefukiza wewe."

"Nimefukiza nini?"

"Udi wangu uliisha tangu juzi ile, hata jana Ijumaa sikufukiza. Nilipoingia nikasikia harufu, nikasema, mume wangu mdogo kaniona nina safari ya kwa mdogo wangu, kaenda kuazima udi kwa jirani. Nimekuombea dua njia nzima."

"Bibi, mimi sijafukiza."

Tukamtazama Babu sote wawili. Babu alikuwa anatazama barabara.

"Mimi naujua udi unavyofukizwa?" akasema. "Nilijua ni wewe, Zuhura."

Kisha nikauona: moshi mwembamba kama uzi wa kushonea, unatoka kwenye ukingo wa mti, karibu na kiwashio cha sigara ambacho hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kukitumia. Kumbe Fundi alinifundisha kungoja samaki. Hakuna aliyefikiri kwamba waya ukichubuka nyuma ya mti uliokunywa udi na mafuta ya nazi maisha yake yote, mti ndio utakaoanza kuungua, na mti ukiungua utanukia kama sebule ya Bibi. Tulikuwa tumekaa ndani ya chetezo, tunakisifu.

"Babu, simama."

"Tukivuka daraja la Wami."

"Babu, ni moto."

"Ni moshi. Najua tofauti yake."

"Babu, tanki limejaa."

"Na mimi najua wanachopanda kwenye ile bustani," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha hata kidogo. "Nikisimama hapa limekwisha. Salumu alishasema. Daraja lile pale mbele. Tukivuka tutafikiri."

Salumu ndiye Baba Mkubwa. Daraja lenyewe halikuonekana. Nilishika mgongo wa kiti cha Babu na sikujua la kufanya. Kumshika mzee usukani hatukufundishwa, na breki ilikuwa chini ya kiatu chake. Bibi aliweka kiganja juu ya ule mti, akakitoa haraka, akakifuta kwenye buibui. Hakupaza sauti.

"Baba Salumu, nataka kushuka."

"Kuna nini?"

"Haja ndogo."

"Tukivuka daraja, mke wangu."

"Baba Salumu," Bibi akasema polepole, "viti hivi ni vya ngozi."

Sijawahi kumwona Meneja akisimama vizuri namna ile. Kabla gari halijatulia nilikuwa nje na spana mkononi. Nilifungua boneti, nikalegeza nati, nikachomoa waya wa betri, na umeme wote ukakatika. Babu alikwisha kumfungulia Bibi mlango na kumpeleka mbali, kwenye kivuli cha kichaka. Nilirudi ndani, nikafungua skrubu za ule ubao wa dashibodi, na vidole vikaungua kidogo. Nyuma yake mti ulikuwa mweusi, eneo la kiganja, na katikati kuna wekundu kama jicho la kaa la moto. Nikachukua dumu la Idara ya Maji, nikamwagia. Ukapiga kelele, ukatoa moshi wa mwisho, ukafa. Waya wa kiwashio ulikuwa umesuguana na chuma mpaka kitambaa kikaisha. Niliukata pande zote mbili, nikafunga ncha kwa utepe wa umeme, kisha nikakaa kwenye vumbi nikapuliza vidole.

Simu ya Babu ikaita. Baba Mkubwa. Babu aliitazama kama anayetazama nyoka, akaipokea.

"Tumeshapita Makurunge… Tunaendelea vizuri… Hapana." Hapo akalitazama gari. "Salumu, kwa sasa gari limesimama."

Bibi alitoka nyuma ya kichaka anaweka sawa buibui, akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Salumu, mimi ndiye niliyesimamisha. Nimeomba kushuka. Au na hilo nalo mama yako anyimwe?… Haya… Haya, mwanangu. Nimekusamehe."

Akamrudishia Babu simu. "Sikusema uongo," akatuambia. "Nimetoka huko sasa hivi. Gari halijaharibika. Abiria ameomba kushuka."

Babu alitazama ule ubao uliolala kwenye majani, upande wake mweusi umeelekea juu. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akanisaidia kuurudisha. Nikaunganisha betri. Meneja akavutiwa choki ya kuamshia injini, akakohoa, akawaka. Nilinusa kila mahali, na safari hii nilinusa kama mtu anayetaka kuishi. Ilibaki harufu ya mti uliolowa.

Tulivuka Wami bila kufikiri lolote. Tulipofika Saadani, Bibi Mdogo Mwajuma alitoka amejikongoja na fimbo, akamkumbatia dada yake, wakalia kidogo, wakacheka. Kisha akavuta hewa shingoni kwa Bibi.

"Lo, dada, mmejifukiza. Mnanukia vizuri."

Bibi alimshika mkono wakaingia ndani.

Baada ya kula, Babu aliniita nje. Alikuwa amekaa kwenye benchi la jirani, kofia magotini, anawatazama wanawake wanaogeuza dagaa juani.

"Uliponiambia nisimame," akasema, "sikusimama."

"Tumefika, Babu."

"Nakusemesha, usinifariji. Kulikuwa na mke wangu, kulikuwa na wewe, kulikuwa na gari. Nikachagua gari. Ningesema nilichanganyikiwa, lakini sikuchanganyikiwa." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Unajua tangu lini sifurahii kuliendesha? Tangu ile siku ya Bunju. Nikienda popote nasikiliza. Kila kishindo nadhani ndicho. Nililala usiku mmoja tu vizuri mwaka huu, siku lilipokuwa karakana."

"Sasa kwa nini usingeliacha, Babu?"

"Kwa kuwa lingekuwa limenishinda."

Akatoa simu, akampigia Baba Mkubwa mbele yangu.

"Salumu, njoo utuchukue Saadani."

Nikasikia sauti ya Baba Mkubwa ikipanda. "Limeharibika?"

"Halijaharibika. Limefika. Njoo utuchukue. Na umpitie Chande, aje kulirudisha. Nimempa. Bustanini haliendi."

Baba Mkubwa alifika siku ya pili, anaendesha kwa wasiwasi, anatafuta hila iko wapi. Alimzunguka Meneja, akafungua mlango, akawasha. Meneja akawaka mara moja, kwa ukaidi wake. Baba Mkubwa alitutazama mmoja mmoja, akashindwa, akazima. Fundi Chande yeye hakutuuliza kitu. Aliingiza kichwa ndani, akanusa mara moja, akanigeukia. Nikamwonyesha ule ubao. Alikaa kwenye ngazi ya gari akashika kichwa, kisha akaenda kumsalimia Bibi na kumwombea afya kwa maneno marefu kuliko kawaida yake.

Kurudi nyumbani tukapanda gari dogo la Baba Mkubwa, la Kijapani, jeupe, lisilonuka kitu chochote. Nilijaribu kunusa kwa mazoea, nikapata harufu ya peremende. Kimshale cha joto hakipo. Hakuna madumu. Babu alikaa nyuma karibu nami, akaegemeza kichwa kwenye kioo, na kabla hatujatoka kwenye geti la hifadhi ya wanyama ya Saadani alikuwa anakoroma. Bibi aligeuka akamwona, akamwambia Baba Mkubwa apunguze muziki.

Sasa mimi ni mstaafu. Jumamosi asubuhi nasoma kemia, somo ambalo lina harufu chache na hatari ndogo. Kucha zangu zimerudia rangi ya kibinadamu. Mara nyingine nikipita mtu anafukiza udi dirishani nastuka, natafuta spana, halafu nakumbuka kwamba hiyo ni nyumba, haina waya wa kiwashio. Sina haja ya daktari, itapita yenyewe.

Wanaonifuata katika kazi, kama bado wapo, nawaachia mawili matatu. Rejeta ngojeni ipoe. Kabureta zisikilizeni zote mbili kabla ya kuilaumu moja. Mkipanda gari la mzee na ndani mnanukia vizuri, ulizeni nani amefukiza, na msiridhike mpaka mtu mmoja aseme ni mimi. Na mzee akikataa kusimama, msibishane naye habari za moto. Mpeni sababu ya kusimama ambayo haimdhalilishi. Hilo sikulijua, nimelipata kwa Mkurugenzi wa Harufu Njema.

Juzi nilikuwa na Babu kwenye baraza ya msikiti baada ya Alasiri. Alikuwa amekuja kwa miguu, anaonekana mwembamba na mwepesi. Rafiki yake mmoja wa siku nyingi akamsogelea, akamtania mbele ya watu.

"Mwinyi, Meneja hatumwoni. Amekushinda hatimaye?"

Babu alivaa viatu vyake kwanza, kimoja kimoja, hana haraka.

"Muulize mke wangu," akasema. "Meneja alimpeleka Saadani mpaka mlangoni."

Akanishika bega, tukaenda zetu nyumbani.